Msimu wa Makambi kwa Wasabato wa Nchi za Maziwa

Mvua za masika zinapokatika, na mahindi yakishavunwa na kuanikwa, huingia katika nchi zetu msimu ambao kalenda ya serikali haiutaji na magazeti aghalabu huupita bila ya kuutupia jicho, ijapokuwa kila mwaka huwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Nao ni msimu wa makambi ya Waadventista Wasabato. Tangu Juni hata Septemba, katika milima ya Upare na fukwe za Majita, na ng'ambo ya mpaka katika vilima vya Kisii na kando ya ziwa huko Kendu Bay, huonekana malori, mikokoteni na pikipiki zimepakia magodoro, masufuria, kuni, magunia ya unga na madumu ya maji, zikielekea uwanja wa shule au kiwanja cha kanisa, ambapo kwa muda wa juma moja patasimama mji mdogo wenye vichochoro vyake, jiko lake, walinzi wake na sheria zake.

Desturi yenyewe haikuzaliwa kwetu. Kambi ya kwanza ya madhehebu haya ya namna hiyo ilifanyika Wright, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mwezi Septemba 1868, miaka mitano tu baada ya kanisa kuundwa rasmi Battle Creek likiwa na washirika wapatao 3,500. Lakini jambo likishakaa mahali kwa zaidi ya karne hugeuka likawa la mahali hapo, na kambi ya Musoma au ya Same leo haina umarekani wowote ndani yake. Watu huamka kabla ya mapambazuko kwa ibada ya Kesha la Asubuhi. Uji ukishanywewa hufuata masomo ya uwakili, yaani utunzaji wa mali na matoleo, ya ndoa na malezi, na ya afya, ambapo muuguzi aliye mshirika hukaa chini ya mwembe na kipimo chake cha shinikizo la damu, akiwapima wazee wa Kisabato na majirani wasio Wasabato kwa foleni moja. Watoto huwa na turubai lao. Watafuta Njia, vijana wenye skafu shingoni na chama ambacho kanisa lilikikubali rasmi ulimwenguni mwaka 1950, hushika zamu za lango, hupanga viti na kuelekeza magari. Kina mama wa Dorkasi hukusanya nguo na vyakula vya kuwapelekea wajane na wagonjwa wa kijiji kilichowakaribisha. Kwaya hupokezana jukwaa kwa ratiba ambayo kila mwaka huzusha manung'uniko, kwa sababu hakuna kwaya inayoridhika na nafasi ya baada ya chakula cha mchana, saa ya usingizi.

Ijumaa alasiri mji huo hubadilika. Chakula cha kesho hupikwa, uwanja hufagiliwa, maji hutekwa, viatu hupigwa rangi, na jua linapozama Sabato hufunguliwa kwa wimbo na sala, isifungwe mpaka jua la Jumamosi lizame nalo. Hiyo ni hesabu ambayo haiwezi kumshangaza mtu wa pwani, kwa maana hata wazee wetu waliihesabu siku tangu magharibi hata magharibi. Jumamosi hiyo ndiyo kilele: Shule ya Sabato asubuhi, hubiri kuu, sadaka ya makambi, na ubatizo wa kuzamishwa majini, mtoni au ziwani palipo na mto au ziwa, na penye ukame katika birika lililochimbwa na kutandikwa turubai.

Mimi si mshirika wa kanisa hili, wala si kazi yangu kulihukumu katika itikadi zake. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba nguvu yake haipo pale ambapo wageni aghalabu huitafuta, yaani katika makao makuu yake, hospitali zake na vyuo vyake, ingawa vyote hivyo vipo na vina manufaa. Ipo katika taratibu ya kugawana huduma ambayo imemfanya mkulima, fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi kuwa wabebaji wa kanisa, na mchungaji kuwa mtu anayewapitia kwa zamu. Siri ya taratibu hiyo ni ya fedha kabla ya kuwa ya roho. Zaka, ile sehemu moja ya kumi ya pato ambayo Msabato huitoa kwa uaminifu unaowastaajabisha wahasibu, haibaki katika kanisa lililoikusanya. Hupelekwa yote konferensi, yaani ofisi ya kanisa ya eneo, na kutoka huko wachungaji hulipwa kwa kipimo kimoja, awe anahudumu katika kanisa la mabwanyenye wa mjini au katika visiwa vya Ukerewe. Kwa sababu hiyo kanisa tajiri haliwezi kumnunua mchungaji wake, na kanisa maskini halikosi mchungaji kwa umaskini wake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wachungaji ni wachache kuliko makanisa. Mmoja hupewa mtaa wenye makanisa kadhaa, na Sabato moja hawezi kusimama ila katika mimbari moja. Mimbari zilizobaki hushikwa na wazee wa kanisa, ambao hawalipwi hata senti, waliopendekezwa na kamati na kuchaguliwa na washirika wenzao kwa muda wa mwaka mmoja au miwili.

Mtu asidhani kwamba taratibu hii haina ila. Yako makanisa ambayo uchaguzi wake wa mzee na mhazini huzua makundi, minong'ono na nyuso za kununiana kuliko uchaguzi wa udiwani, na wako wazee ambao, kwa kukosa mafunzo, huhubiri kila Sabato juu ya mambo matatu yale yale, aghalabu mavazi, vyakula na hatari ya siku za mwisho. Hata hivyo mtu aliyewahi kushika daftari la mahudhurio, akaenda kumtazama asiyeonekana majuma mawili, akapanga zamu za kumlimia mgonjwa, hawezi tena kuwa abiria katika kanisa lake. Na hilo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko hotuba nyingi nzuri.

Historia inaonyesha kwamba mgawanyo huo ulitokana na dharura kabla ya kuwa hekima. Wamisionari wa kwanza wa kanisa hili katika Afrika Mashariki, Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliingia Upare ya Kusini mwaka 1903, wakitokea Ujerumani kwa juhudi za Ludwig Richard Conradi aliyeongoza kazi ya Ulaya, wakajenga kituo cha kwanza huko Giti na kukiita kwa Kijerumani Friedenstal, yaani bonde la amani. Aliwafuata Ernst Kotz, mtu wa elimu na subira, ambaye alijifunza Kichasu kwa makini mpaka akashughulikia tafsiri ya Agano Jipya katika lugha hiyo. Lakini amani ya bonde haikudumu. Vita Kuu vilipofika Upare mwaka 1916 na majeshi ya Waingereza kuitwaa nchi, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na shule na vikundi vya waumini vikabaki mikononi mwa Wapare wenyewe, walimu vijana ambao juzi tu walikuwa wanafunzi. Hawakuwa na mshahara wa uhakika wala mkubwa wa kuwaagiza, na kanisa halikufa.

Upande wa pili wa ziwa mambo yalikwenda kwa sura inayofanana na hiyo. Mwaka 1906 walifika Kisumu Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland aliyekuwa amesoma Uingereza, wakaanzisha kituo juu ya kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay. Carscallen aliandika sarufi ya Kidholuo na kuleta mashine ya kuchapa, na kazi ya uchapaji ya Gendia imeendelea kwa vizazi. Nyambo naye, ambaye masimulizi mengi humtaja kwa nusu sentensi kama kwamba alikuwa mbeba mizigo, alikuja baadaye, mwaka 1914, kuwa mtu wa kupeleka London malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia juu ya dhuluma za utawala. Naona si insafu kumtaja mmoja kwa jina la heshima na kumwacha mwenziwe gizani, ilhali walishuka bandari moja wakiwa na kazi moja. Vita vilipofika Kisii mwezi Septemba 1914 vituo vya misheni havikusalimika na uporaji, na hapo pia walioshika moto usizimike walikuwa wenyeji. Hospitali ya Kendu ilipofunguliwa mwaka 1925 ilikuta tayari jamii iliyozoea kujiongoza.

Iko huduma moja zaidi ambayo haionekani kwa macho, nayo huifunga jamii hii kuliko barua za ofisini. Kila robo ya mwaka huchapwa lesoni moja, yaani kijitabu cha masomo ya Shule ya Sabato, ikafasiriwa katika lugha nyingi, hata Sabato moja watu wa Kihurio, wa Rongo, wa Goma na wa Bujumbura huwa wameinamia somo moja, wakibishana juu ya aya zile zile. Juma la mwisho la robo, yaani Sabato ya 13, hutolewa sadaka ambayo sehemu yake hupelekwa kwa miradi ya eneo fulani la dunia lililotajwa tangu mwanzo. Robo hii huenda ikawa visiwa vya Pasifiki, robo ijayo Asia, na zamu yetu ikifika wengine hutoa kwa ajili yetu. Mama muuza dagaa wa Mwanza ambaye hajawahi kupanda ndege huweka shilingi zake katika bahasha kwa ajili ya shule ya nchi ambayo hawezi kuionyesha katika ramani. Watu wa siasa huliita jambo hilo mshikamano wa kimataifa, nao huufanyia warsha. Yeye hufanya hivyo mara nne kwa mwaka bila ya kuupa jina.

Na nikimtaja mama huyo siwezi kulipita jambo la wanawake. Mtu yeyote aliyeona kambi anajua kwamba kama wanawake wangelala siku mbili kambi ingevunjika: wao ndio wengi katika kwaya, katika Dorkasi, katika madarasa ya watoto, jikoni, na katika kuwatembelea wagonjwa. Tena kanisa lenyewe linamhesabu mwanamke mmoja, Ellen White aliyefariki mwaka 1915, miongoni mwa waasisi wake, na maandiko yake husomwa kwa taadhima isiyo ya kawaida. Pamoja na hayo, wajumbe wa Mkutano Mkuu waliokutana San Antonio, Texas, mwezi Julai 2015 walipoulizwa kama kila divisheni, yaani kanda ya kanisa inayokusanya nchi kadhaa, iachiwe uamuzi wa kuwawekea wanawake mikono kuwa wachungaji, kura 1,381 zilikataa na 977 zikakubali. Sina haki ya kuwapigia kura watu wa nyumba nyingine. Lakini nikiangalia kambi kwa macho ya mgeni naona kwamba swali hilo halikumalizwa na hesabu ya kura, kwa kuwa kila Sabato lipo mbele yao, limevaa kitenge na kushika daftari la Shule ya Sabato.

Katika ngazi za juu miaka ya karibuni imekuwa ya kugawanya na kupanga upya. Tanzania, iliyokuwa unioni moja, yaani muungano mmoja wa konferensi, kwa miongo mingi, iligawanywa katika mwongo wa 2010 kuwa unioni mbili, ya kaskazini yenye makao Arusha na ya kusini yenye makao Dar es Salaam. Kenya nayo ikapata ya mashariki na ya magharibi. Zote ziko chini ya Divisheni ya Afrika Mashariki na Kati yenye makao Nairobi, inayozikusanya nchi 11, tangu Eritrea hata Kongo, na washirika zaidi ya milioni nne. Mwezi Julai 2025 Mkutano Mkuu wa 62 uliofanyika St. Louis, Missouri, ulimchagua Mbrazili Erton Köhler kuwa rais wa kanisa ulimwenguni mahali pa Ted Wilson, Mmarekani aliyeongoza tangu 2010, na wengi huku kwetu waliona si ajabu, kwa maana Amerika ya Kusini na Afrika ndiko waliko waumini wengi wa leo. Juu ya ugawaji wa unioni maoni yangu ni ya tahadhari. Ofisi iliyo karibu na watu ni neema. Lakini kila ofisi mpya huja na mwenyekiti, katibu, mhazini, gari na dereva wake, na gharama hizo hutoka katika zaka ile ile iliyokuwa ikimlipa mchungaji wa kijijini. Ugawaji unaoongeza viti pasipo kuongeza wachungaji wa mitaa humwachia mzee wa kanisa mzigo ule ule.

Mambo ya mahakamani nayo yamewagusa Wasabato wa nchi zaidi ya moja, na hukumu hazikulingana. Nchini Uganda, wanafunzi Wasabato walioshtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya mitihani ya Jumamosi walishindwa, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2006. Nchini Kenya kanisa lilimshtaki waziri wa elimu kwa ajili ya wanafunzi wanaolazimishwa darasani siku ya Sabato, likashindwa mara ya kwanza, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba uhuru wa dhamiri ulioandikwa katika katiba unamhusu hata mtoto wa bweni, na kwamba shule inapaswa kumtafutia nafasi. Wazazi wa Kisabato hawakusubiri hukumu hizo. Kwa miaka mingi mzee wa kanisa na mama wa Huduma za Familia ndio waliovaa nguo zao nzuri na kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kwa adabu, mwaka baada ya mwaka, na aghalabu walisikilizwa kwa sababu mwalimu mkuu aliwajua kuwa watu wa kazi, wasiokunywa pombe na wanaolipa ada.

Lililotuunganisha zaidi kupita mipaka yetu, hata hivyo, ni uimbaji. Kanda za kwaya za Kurasini ya Dar es Salaam na Kirumba ya Mwanza zilipigwa katika mabasi ya Nairobi na Bukavu na watu wasiojua Sabato ni nini, na kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, kwa kuimba Kiswahili, iliingia katika nyumba za Watanzania kana kwamba ilizaliwa huku. Mwezi Mei 2011 kwaya hiyo ilipata ajali ya barabarani ikirejea kwao kutoka Tanzania, na waimbaji wake watatu wakafariki. Matanga yao yalikaliwa kote mpakani, kwa Wakristo wa madhehebu mengine pia.

Nimeitaja Rwanda, na mtu mwaminifu hawezi kuitaja kwa nyimbo tu. Mwezi Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia Mugonero, katika kanisa na hospitali ya Waadventista, wakiwamo wachungaji saba ambao walimwandikia barua rais wa kanisa wa eneo hilo, Elizaphan Ntakirutimana, wakimwomba awaombee salama. Siku iliyofuata walishambuliwa na kuuawa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji huyo mwezi Februari 2003 na kumpa kifungo cha miaka 10, na mwanawe Gérard, aliyekuwa daktari wa hospitali hiyo hiyo, miaka 25. Waliohukumiwa na waliouawa walisoma lesoni moja, wakaimba kwa sauti nne katika kwaya moja, wakatawadhana miguu katika meza moja ya Bwana. Na hayo hayakutosha. Wako Wasabato wanaopenda habari hii isitajwe katika makala za sifa, nami nawaelewa, lakini kuificha ni kuwanyima vijana wao ushahidi kwamba taratibu nzuri ya kugawana kazi haimlindi mtu mwenye dhamiri iliyolala.

Waliobaki walianza tena, mayatima na wajane wakiwa miongoni mwa wazee wapya. Mwaka 2016 kanisa la Rwanda lilifanya mahubiri ya hadhara nchi nzima katika maelfu ya vituo kwa wakati mmoja, yale yanayoitwa efoti huku kwetu, na waliobatizwa walikaribia 100,000. Wahubiri wengi hawakuwa wachungaji. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi na kituo cha kusimamia. Hesabu hiyo ilitangazwa dunia nzima kwa furaha, na baadhi ya wakongwe wa kanisa wakauliza, kwa sauti ya chini na kwa haki, nani atawatunza wote hao, maana kumbatiza mtu huchukua dakika na kumlea huchukua miaka.

Swali hilo limehamia katika makambi ya mwaka huu, na nimeona linajibiwa kwa njia isiyo na fahari. Karani wa kanisa huandika majina ya waliobatizwa Jumamosi, huyagawa kwa vikundi vya Shule ya Sabato kufuata mahali mtu anakoishi, na jioni ile ile, kabla magodoro hayajafungwa, humkabidhi kila mwalimu wa kikundi karatasi yenye majina manne au matano na namba za simu, pamoja na maelekezo ya kuwapitia nyumbani kabla ya Sabato ijayo. Mwalimu huyo huenda akawa fundi baiskeli. Hukunja karatasi, huitia ndani ya lesoni yake, kisha huuliza ni nani kati yao aliye na safari ya kwao Jumapili, ili amfuatie kwanza.